Ala Inayouheshimu Mshipa

Ateri ya paja la mtu mzima ina upana wa milimita 6 hadi 9 hivi. Ukuta wake una matabaka matatu. La ndani ni jembamba mno: seli zilizolala bega kwa bega, laini kiasi kwamba damu huweza kuteleza juu yake miaka themanini bila kuganda. La kati lina misuli na nyuzi zinazovutika, na ndilo linalouwezesha mshipa kupanuka na kurudi kila moyo unapopiga. La nje ni shupavu, nalo huushikilia mshipa mahali pake. Kila anayebuni chombo cha kupita ndani ya mshipa huanza na ukuta huu. Akiusahau, anayelipa ni mgonjwa.

Nataka kuusifu ufundi ambao wengi wetu hatujui hata kama upo: kubuni ala za kateta. Kateta ni mrija mwembamba unaoingizwa mwilini. Ala ni mrija unaotangulia na kukaa mlangoni mwa mshipa, ili kateta na vifaa vingine vipite ndani yake bila kuukwaruza ukuta. Katika miaka ya karibuni wabunifu wamefika mbali: wametengeneza ala inayoingia ikiwa nyembamba, ikatanuka pale tu kifaa kinapopita, kisha ikanywea. Ufundi huo unamhusu hata muuguzi wa Baraka, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, anayetafuta mshipa wa mgonjwa wa kipindupindu usiku wa manane, ingawa ala ya namna hiyo huenda asiishike kamwe mkononi mwake.

Na kipindupindu ndicho kilichofungua njia. Mwaka 1832, ugonjwa huo ulipokuwa ukiua watu Uskoti, daktari Thomas Latta wa mji wa bandari wa Leith aliingiza mrija wa fedha katika vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mkono wa mwanamke mzee aliyekuwa akikata roho, akampitishia maji ya chumvi. Mapigo yaliyokuwa yamepotea yakarudi, macho yaliyozama yakapata uhai. Saa chache baadaye, maji yakiwa yamesimamishwa, kuhara kulirejea na mgonjwa akafariki. Latta hakukata tamaa. Alieleza kazi yake katika jarida la The Lancet mwaka huohuo, na baadhi ya wagonjwa waliofuata walipona. Wazo lake lilikuwa sahihi kabisa; chombo ndicho kilichokuwa nyuma. Mrija wa metali haupindiki. Mkono ukisogea, ncha hukwaruza tabaka la ndani au hulitoboa, na maji yanayokusudiwa kuingia kwenye damu huvimbisha nyama.

Ilichukua zaidi ya miaka mia moja mpaka mtu aupe mshipa kitu laini cha kukaa nacho. Mwaka 1950, huko Mayo Clinic katika mji wa Rochester, Marekani, David Massa na wenzake walielezea sindano ya chuma iliyovishwa mrija wa plastiki. Sindano hutoboa, plastiki huteleza juu yake na kubaki ndani, chuma hutolewa. Kila kateta inayounganishwa leo na chupa ya serumu, kuanzia Uvira mpaka Kalemie, ni mjukuu wa wazo hilo.

Miaka mitatu baadaye, 1953, Sven-Ivar Seldinger wa Stockholm alitatua fumbo la jirani. Kabla yake, kateta ya ateri ilipitishwa ndani ya sindano nene, kwa hiyo tundu la mshipa lilikuwa kubwa kuliko kateta yenyewe na damu ilivuja pembeni. Seldinger alibadilisha mpangilio: toboa kwa sindano nyembamba, pitisha waya, toa sindano, kisha telezesha kateta juu ya waya. Tundu likawa sawa na kateta, wala si zaidi. Mwaka 1965 Desilets na Hoffman wakaongeza ala. Ala ikishakaa mlangoni, daktari anaweza kubadilisha kateta moja kwa nyingine bila kuusumbua mshipa upya.

Ukiitazama mifano hii mmoja baada ya mwingine, utaona kwamba kila hatua ilikuwa ni kupunguza kile mshipa unachodaiwa. Massa alipunguza ugumu, Seldinger akapunguza tundu, Desilets na Hoffman wakapunguza idadi ya majeraha. Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote: upana.

Tarehe 16 Aprili 2002, katika mji wa Rouen, Ufaransa, Alain Cribier aliweka vali mpya ya moyo ndani ya mwanamume wa miaka 57 bila kumpasua kifua. Vali ilikuwa imekunjwa na kubanwa juu ya puto, ikasafirishwa ndani ya mishipa kutoka kwenye kinena. Dunia ilishangilia, na ilistahili kushangilia. Lakini vali iliyokunjwa bado ni mzigo mnene. Ala za mwanzo za kuipitisha kwenye ateri ya paja zilikuwa za saizi 22 na 24 kwa kipimo cha Charrière, fundi wa vyombo vya upasuaji wa Paris katika karne ya 19; kila kipimo kimoja ni theluthi ya milimita. Yaani nafasi ya ndani ya ala ilikuwa milimita 7 hadi 8, na kwa nje ilizidi 8. Rudi sasa kwenye ateri ya milimita 6 hadi 9, tena ya mzee, yenye mikunjo ya umri na vipande vya chokaa ukutani. Hesabu haikubali.

Na mshipa ulilalamika. Katika utafiti wa PARTNER uliochapishwa mwaka 2010, kwa wagonjwa waliokuwa dhaifu mno kupasuliwa, asilimia 16.2 ya waliowekewa vali kwa kateta walipata madhara makubwa ya mishipa katika siku thelathini za kwanza. Tabaka la ndani lilichanika na damu ikapenya katikati ya matabaka; ukuta ulitoboka; na mara nyingine ala ilipokuwa inatolewa, mshipa ulioibana ulifuatana nayo. Mwaka 2011 Kentaro Hayashida na wenzake walionyesha kwamba hatari hupanda pale upana wa nje wa ala unapozidi upana wa ateri kwa uwiano wa 1.05. Namba hiyo ndogo ilikuwa zawadi kwa wabunifu, kwa sababu iliwaambia mshipa unavumilia kiasi gani: unakubali kunyooshwa kidogo, lakini kidogo tu.

Wabunifu wakajiuliza swali zuri sana. Vali inapita mahali fulani pa mshipa kwa sekunde chache, lakini ala nene hukaa pale muda wote wa kazi. Kwa nini mshipa uubebe upana wa mzigo kwa muda wote ambao mzigo haupo?

Jibu lao ni ala inayotanuka, na inafaa kuitazama bila haraka. Katika aina inayojulikana zaidi, iliyotengenezwa na kampuni ya Edwards kwa ajili ya vali zake, ukuta wa nje una mpasuko unaokwenda kwa urefu, na ndani yake kuna utando mwembamba wa plastiki telezi uliokunjwa na kulazwa juu ya nafsi yake. Ala inaingia ikiwa na nafasi ya ndani ya saizi 14, milimita 4.7 hivi. Vali inaposukumwa, mkunjo hufunguka pale ilipo. Ikishapita, ukuta hurudi nyuma yake. Mvuvi wa Ghuba ya Burton, huko Baraka, anaujua mwendo huo: mtumbwi ukipita kwenye matete, matete hupisha upana wa mtumbwi tu, kisha hujifunga. Kwa ala hiyo, ateri yenye milimita 5.5 inaweza kupitisha vali ambayo zamani ilihitaji ateri ya milimita 7 au 8. Wagonjwa wengi, hasa wanawake wenye mishipa midogo, walipata njia ambayo awali ilikuwa imefungwa kwao.

Kuna aina nyingine inayoingia ikiwa imekunjwa kabisa, kisha puto hujazwa ndani yake ili kuifungua kwa upana mara moja. Na kuna nyingine zenye wavu wa waya unaovutika na kukumbuka umbo lake. Zote zina busara moja inayonivutia kuliko ujanja wa plastiki. Ala nene ikisukumwa kwa urefu, huusugua ukuta kuanzia kinenani hadi tumboni, na msuguano ndio unaochubua tabaka la ndani na kung'oa chokaa. Ala inayotanuka huusukuma mshipa kwenda nje, kwa mduara, kwa muda mfupi. Kupanuka kwa mduara ni kazi ambayo tabaka la kati limezaliwa nayo, maana huifanya kwa kila pigo la moyo. Wabunifu waliacha kuulazimisha mshipa kufanya usichokiweza, wakauomba ufanye unachokijua.

Usidhani kazi ilikuwa rahisi. Ukuta mwembamba hujikunja vibaya kwenye kona na kuziba njia. Mkunjo uliobana sana unadai nguvu nyingi kusukuma vali, na uliolegea unavujisha damu. Ncha lazima ichongoke ili iingie bila kukwama, lakini isiwe kali. Ngozi ya nje hupakwa kitu kinachoteleza kikilowa, nayo haipaswi kubanduka ndani ya damu. Mlangoni kuna kizuizi cha mpira kinachopitisha kifaa na kuzuia damu isirudi. Na ala ikishatanuka haijirudishi kikamilifu siku zote, kwa hiyo lazima itoke kwa upole uleule ilioingia nao. Kila sehemu ya kumi ya milimita iliyopunguzwa upande mmoja hutafutiwa malipo upande mwingine. Mtu anayeweza kukaa na mgogoro huo mwaka baada ya mwaka, akitafuta sehemu ya kumi ya milimita kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua, anastahili heshima tunayompa mshairi au seremala mkubwa.

Mwaka 2019, utafiti wa PARTNER 3 ulipotolewa, madhara makubwa ya mishipa yalikuwa asilimia 2.2. Haki itendeke: wagonjwa hao walikuwa na nguvu zaidi, vali zilikuwa zimekunjwa vizuri zaidi, na madaktari walikuwa wamejifunza kupima ateri kwa picha kabla ya kuigusa. Lakini ala iliyonywea ilikuwa na sehemu yake katika ushindi huo.

Huku kwetu, ugonjwa wa vali una sura nyingine. Wengi wanaoumwa ni vijana, na chanzo ni maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, yanayoleta homa ya baridi yabisi na kuharibu vali. Kwao tiba kubwa ya kateta ni puto la Kanji Inoue wa Japani, lililoelezwa mwaka 1984. Puto hilo huvutwa kwa mrija wa chuma mpaka linakuwa jembamba, huingia kwenye vena ya paja, huvuka ukuta wa kati wa moyo, kisha hujazwa hadi kufikia milimita 24 na zaidi na kuifungua vali iliyogandamana. Busara ni ileile: ingia mdogo, tanuka mahali pa kazi, toka mdogo. Maabara za kateta zipo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015. Kwa kijana wa Fizi, kufika Dar es Salaam ni kuvuka ziwa hadi Kigoma kisha kukatiza Tanzania nzima, safari ambayo moyo dhaifu na mfuko mtupu huishindwa.

Ndiyo maana napenda kuutazama ufundi huu mahali unapofika kweli. Baraka iko kwenye Ghuba ya Burton, rasi ya Ubwari ikiukinga mji na mawimbi ya Tanganyika, na barabara ya kutoka Uvira hupita hapo kabla ya kupanda milimani hadi Fizi. Ziwa ni chakula, ni njia, na kwa wengi ndilo maji ya kunywa. Kwa hiyo kipindupindu hakiondoki. Ukanda wa Uvira, Fizi na Kalemie ni kati ya sehemu za Kongo ambako ugonjwa huu umekita mizizi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi Baraka mwaka 2003. Mwaka 2015 kambi ya Lusenda ilifunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi, katika eneo hilohilo la Fizi.

Mgonjwa mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa. Damu hupungua na kuwa nzito, na vena, ambazo kuta zake ni nyembamba na husimama kwa kujaa tu, hulala bapa. Hapo ndipo mgogoro wa mbunifu wa vali unapomkuta muuguzi katika umbo lingine. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeishiwa maji kabisa anahitaji serumu ya Ringer mililita 30 kwa kila kilo katika nusu saa ya kwanza, yaani lita 1.8, kisha mililita 70 kwa kilo katika saa mbili na nusu zinazofuata. Jumla ni lita sita. Nusu saa hiyo ya kwanza inadai mililita 60 kila dakika. Kateta ya kijani, geji 18, ina unene wa milimita 1.3 na huimudu kasi hiyo. Ya bluu, geji 22, iliyo nyembamba zaidi, hupitisha karibu nusu ya kasi hiyo. Mfaransa Jean Poiseuille, daktari wa karne ya 19, alionyesha kwa nini: mrija ukiongezewa upana maradufu, mtiririko huongezeka mara kumi na sita. Mwili unadai kateta nene saa ileile ambayo vena ina nafasi ndogo kuliko wakati wowote.

Muuguzi hutatua hilo kwa mikono. Hufunga mpira juu ya kiwiko, huushusha mkono chini ya usawa wa kitanda, hupapasa kwa ncha ya kidole badala ya kuamini macho. "Kunja ngumi, mama," humwambia, hata kama mama hana nguvu ya kukunja. Huingiza sindano kwa pembe ya chini, karibu ilale juu ya ngozi, kwa sababu vena bapa ina ukuta wa chini ulio jirani mno na ule wa juu. Damu ikionekana kwenye kichupa cha nyuma, hasimami hapo. Ncha ya sindano imeitangulia plastiki kidogo, kwa hiyo damu ya kwanza inamaanisha kwamba chuma kimefika na plastiki bado. Husogea mbele milimita chache, ndipo huitelezesha plastiki na kukirudisha chuma nyuma. Na chuma kikishatoka hakirudishwi ndani, maana kinaweza kuikata plastiki na kuacha kipande kwenye damu. Vena za mkono zikikataa zote, hutafuta ya shingo au ya paja, au huingiza sindano kwenye mfupa, ambamo mishipa ya uboho hailali bapa kwa sababu mfupa wenyewe umeishikilia.

Plastiki anayoitumia nayo ina akili ndani yake. Kateta nzuri za leo hutengenezwa kwa poliuretani, ambayo ni ngumu kiasi cha kupenya ngozi na hulainika ikipata joto la mwili, ili ncha isiendelee kuusugua ukuta. Ncha hiyo imechongwa iwe nyembamba kuliko shina, isije ikakunjamana mlangoni. Mbali na uchafu na ukali wa dawa, ni kusugua huko kunakoufanya mshipa uvimbe na kuuma siku ya pili.

Na kuna aliyewahi kujaribu kuleta kutanuka kwenye mkono wa mgonjwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 kampuni ya Marekani ya Menlo Care ilitengeneza kateta za plastiki inayonyonya maji, iliyoitwa Aquavene. Iliingia nyembamba, kisha ndani ya vena ililainika na kutanuka kwa karibu saizi mbili za geji. Baadhi ya wagonjwa waliripotiwa kupata madhara makali. Isitoshe, kunyonya maji ni jambo la taratibu, na mgonjwa wa kipindupindu hana muda huo. Lakini wazo lenyewe ni zuri, na halikupaswa kuishia hapo.

Dunia ilitumia zaidi ya miaka kumi na fedha nyingi kuishusha ala ya vali kutoka saizi 24 hadi 14, na kila sehemu ya milimita ilistahili. Vena iliyolala bapa ya mtoto wa Baraka ni tatizo la ubunifu lenye hadhi ileile. Kateta inayoingia kama ya bluu na ndani ya dakika moja ikapitisha kama ya kijani, laini, isiyo na sumu, inayouzwa kwa bei ambayo kituo cha afya cha kijijini kinaimudu: hiyo ni kazi inayomfaa mwanafunzi yeyote wa uhandisi wa Bukavu, Kigoma au Nairobi anayetafuta jambo la kumpa maisha yake.

Kazi hiyo ikisubiri fundi wake, kuna mambo ambayo hayana sababu ya kusubiri. Wagonjwa wengi wa kipindupindu wanaweza kunywa ORS, maji ya chumvi na sukari, na wasichomwe kabisa, na mshipa usioguswa ndio uliohifadhiwa kuliko wote. Kwa wale ambao lazima wachomwe, sanduku la kituo liwe na saizi zote, kuanzia nene ya machungwa hadi nyembamba ya njano, kwa sababu muuguzi aliyeachiwa rangi moja amenyimwa nusu ya ufundi wake. Na muuguzi kijana afundishwe na mwenye mkono mzoefu, akiwa ameketi kando yake kwenye mshipa mgumu, mpaka naye aweze kuingia bila kuumiza.